Na Miche Iliyokufa Je?

Wahakiki wetu wana tabia moja inanikera. Riwaya ikitoka, watapima fani na maudhui mpaka jasho liwatoke. Diwani ikitoka, watahesabu vina na mizani kama karani wa benki anavyohesabu noti. Lakini kipo kitabu cha aina nyingine, kile ambacho kijana wa mjini yuko radhi alale na njaa mradi akinunue, nacho hakuna mhakiki anayejisumbua kukigusa. Nazungumzia vitabu vya mafanikio: maisha ya watu wakubwa yaliyokamuliwa mpaka yakatoka masomo saba, au siri kumi, au ngazi kumi na tatu za kupandia juu.

Tembea jioni Dar es Salaam maeneo ya Posta, au Nairobi kandokando ya Tom Mboya, utavikuta vimetandazwa chini juu ya nailoni. Napoleon Hill kalala ubavuni mwa Dale Carnegie. Pembeni yao kuna vijitabu vya Kiswahili vya wenzetu, vimepigwa chapa kwa fedha ya mfukoni, jaladani picha ya Mandela au ya Mwalimu Nyerere. Wanunuzi hawakosi. Pale kijiweni kwetu kimoja kilizunguka mikono mingi mpaka kikabaki hakina jalada wala kurasa za mwanzo, na bado kilikuwa na foleni.

Mtaniambia hiyo siyo fasihi. Haya, fasihi ni nini? Vitabu hivi vinasimulia visa, vina wahusika, vina mwanzo wa dhiki na mwisho wa neema, vinachagua cha kusema na cha kunyamazia. Msomaji anavimaliza akiwa ameamua kuacha kazi, au kuanza biashara, au kujilaumu. Kitu chenye nguvu namna hiyo hakiwezi kuachwa kipite hivihivi, ati kwa kuwa hakifundishwi darasani.

Basi leo nataka kuvihakiki, na kipimo changu ni kimoja. Mwandishi akitwaa maisha ya mtu akayageuza somo, ana deni la kutupa hesabu nzima. Atuambie mtu huyo alipata nini, na alilipa nini. Atuambie alifika wapi, na nani walimbeba njiani. Na kama alipanda miche, atuambie pia habari za ile iliyokufa.

Tuanze na babu wa ukoo huu. Benjamin Franklin, Mmarekani, mchapaji wa mji wa Philadelphia, alianza kuandika habari za maisha yake mwaka 1771, akafariki 1790 hajamaliza. Humo ndimo lilimo lile jedwali mashuhuri: sifa njema 13 alizotaka kuzizoea, kama vile kiasi, ukimya, utaratibu, bidii na unyenyekevu. Alijitengenezea kijidaftari, kila sifa akaipa wiki yake, na kila siku aliyoteleza akatia alama nyeusi. Baada ya wiki 13 anaanza upya. Kwa mwaka inakuwa mizunguko minne. Jedwali hili limenakiliwa, likakatwakatwa, likapewa majina mapya, na nusu ya vitabu vya mafanikio unavyoviona pale chini ni wajukuu zake.

Sasa soma kitabu chenyewe. Franklin anakiri kwamba utaratibu ulimshinda, tena mpaka uzeeni. Anatoa kisa cha mtu aliyemtaka mhunzi alisugue shoka lake ling'ae lote kama makali yake. Mhunzi akakubali, mradi mwenye shoka azungushe jiwe la kunolea. Jamaa akazungusha, akachoka, kila mara anachungulia; mwishowe akasema basi bwana, nitalichukua hivihivi, nalipenda lenye madoa. Franklin anajicheka mwenyewe hapo. Soma pia pale biashara yake ilipotaka kufa. Mshirika wake alikuwa mlevi, baba wa mshirika aliyeahidi kugharimia mitambo akashindwa kumaliza deni, na wenye fedha zao wakaenda mahakamani. Kilichomwokoa ni marafiki wawili. Kila mmoja alimjia kwa wakati wake, bila kujua habari za mwenzake na bila kuombwa, akajitolea kumkopesha fedha zote zilizotakiwa. Na mkewe, Deborah, ndiye aliyekunja na kushona vijitabu na kuuza dukani.

Hayo kayaandika Franklin kwa mkono wake. Wanakili ndio walioyatupa. Walichukua jedwali wakawaacha marafiki wawili, wakachukua bidii wakamwacha Deborah na sindano yake. Msomaji wa Kariakoo anapewa dawa bila kuambiwa kuwa mgonjwa aliyepona alikuwa pia na wauguzi.

Na hata Franklin hakulipa deni lote. Alimiliki watumwa. Mwaka 1787, uzeeni, akawa rais wa chama cha Pennsylvania cha kupinga utumwa. Safari hiyo ya moyo, kutoka kumiliki watu mpaka kupinga watu wasimilikiwe, ni somo ambalo ningelilipia fedha yangu ya mwisho. Lakini masimulizi yake yanakatika kabla ya kufika huko, na wanakili hawana habari nalo kabisa, maana halina jedwali.

Babu wa pili ni Samuel Smiles, Mskoti, daktari aliyegeuka mhariri wa gazeti. Mwaka 1859 alitoa kitabu kiitwacho Self-Help, yaani kujisaidia mwenyewe. Kiliuzwa sana, kikatafsiriwa lugha nyingi. Wajapani walikuwa nacho kwa lugha yao mwaka 1871. Kimejaa visa vya mafundi na wavumbuzi waliotoka chini. Kimoja ni cha Palissy, mfinyanzi wa Kifaransa, ambaye kuni zilipomwishia akavunja samani za nyumba akazitia tanurini, moto usizimike kabla rangi ya vyombo vyake haijayeyuka. Mke na watoto wanatimka nje wakipiga kelele kwamba mzee amepata wazimu. Smiles anamsifu mfinyanzi kwa ushupavu. Mimi nilibaki najiuliza wale watoto kesho yake walikaa wapi kula.

Lakini kinachonivutia zaidi ni utangulizi. Smiles anaeleza kitabu kilivyozaliwa. Katika mji wa Leeds, vijana kadhaa wa kimaskini walikuwa wakikutana usiku wa baridi nyumbani kwa mmoja wao, anayejua kusoma anamfundisha asiyejua, anayejua hesabu kidogo anawapa wenzake. Walipozidi, wakakodi chumba kilichopata kutumiwa kama hospitali ya kipindupindu, chumba ambacho watu wengine walikiogopa. Wakafika kama mia moja. Ndipo wakamwalika Smiles aje azungumze nao, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyokuja kuwa kitabu.

Mmeona, jamani? Kitabu kinachoitwa kujisaidia mwenyewe kilizaliwa na vijana waliosaidiana. Wangengoja kila mtu ajisaidie peke yake, Smiles asingekuwa na wa kumsikiliza. Msomaji wa leo anayejifungia chumbani na kitabu hicho, akawakwepa wenzake ati wanamrudisha nyuma, amesoma kila kitu isipokuwa ukurasa ulio muhimu kuliko zote.

Kuanzia hapo ukoo unazidi kuharibika. Napoleon Hill alitoa Think and Grow Rich mwaka 1937, fikiri utajirike. Msingi wa kitabu ni dai moja: kwamba mwaka 1908 tajiri wa chuma, Andrew Carnegie, alimwita akampa kazi ya kuchunguza siri ya matajiri. Ni kisa kitamu, kijana maskini kuitwa na mfalme. Tatizo ni kwamba ushahidi wake ni mdomo wa Hill. Watafiti wa maisha ya Carnegie hawajaona alama ya mkutano huo, na Carnegie mwenyewe alifariki 1919, miaka 18 kabla ya kitabu kutoka. Katika riwaya hilo lisingekuwa kosa. Mtunzi ana ruhusa ya kubuni. Lakini Hill hauzi riwaya. Anamwambia mtu asiye na kodi ya chumba kwamba hii ni kweli iliyothibitishwa, na kwamba usipotajirika basi hukufikiri sawasawa. Hapo ndipo ninapomkatalia. Mafanikio yakija ni ya kitabu. Yasipokuja, kosa ni la msomaji. Mchezo ambao mwenye karata hapotezi hata siku moja, sisi mtaani tuna jina lake.

Dale Carnegie nampa haki yake. Hana undugu na yule tajiri. Jina la kwao liliandikwa Carnagey, akalibadilisha tahajia. Alitoka shamba maskini la Missouri, akaanza mwaka 1912 kufundisha watu wazima kuzungumza mbele ya watu, madarasa ya usiku huko New York. Kitabu chake cha 1936 kuhusu kupata marafiki kina faida ya kweli pale anapobaki kwenye kazi aliyoijua: msikilize mtu, likumbuke jina lake, usimwaibishe mbele za watu. Bibi yako angeyasema hayo hayo, lakini si vibaya kukumbushwa. Anaponichosha ni pale kila kisa kinapoishia vizuri. Hakuna hata mtu mmoja aliyetabasamu, akasikiliza, akalikumbuka jina, na bado akafukuzwa kazi. Na sisi sote tunamjua mtu huyo.

Hapa watu wetu wa zamani waliwazidi akili wataalamu hawa. Methali nazo ni masomo ya maisha yaliyokatwa kutoka kwa wenyewe. Hatujui nani alisema. Lakini ona walivyoziweka. Wamesema haraka haraka haina baraka, kisha wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wamesema umoja ni nguvu, kisha wakasema wapishi wengi huharibu mchuzi. Kila methali ina mwenzake wa kuibishia, na kazi ya kuamua ipi inafaa leo wamemwachia mwenye akili. Kitabu cha siri kumi hakina siri ya kumi na moja inayozipinga zile kumi. Kinataka utii. Methali inataka busara.

Tugeukie maandishi ya nyumbani. Shaaban Robert alichapisha Wasifu wa Siti binti Saad mwaka 1958, miaka minane baada ya kifo cha yule mwimbaji. Kwangu hicho ndicho kitabu cha Kiswahili kinachopaswa kulala pale chini kwenye nailoni, juu kabisa ya rundo. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika jamaa ya wafinyanzi. Aliuza vyungu kwa miguu, akinadi. Akaingia mjini mwaka 1911 hana elimu ya shule wala nasaba ya kujivunia, katika mji uliopima watu kwa nasaba. Alidharauliwa kwa asili yake na kwa sura yake pia. Mwaka 1928 akasafiri na wenzake mpaka Bombay, sauti yake ikatiwa kwenye santuri, na Kiswahili kikasikika kutoka kwenye mashine katika nyumba za pwani nzima.

Mwandishi wa siri kumi angefanya nini na maisha hayo? Angesema: somo la kwanza, jiamini, somo la pili, usisikilize wanaokudharau. Shaaban hafanyi hivyo, na ndiyo maana kitabu kina uzito. Anamweka Siti kati ya watu. Yupo aliyemfundisha kuimba, wapo wapigaji waliokaa naye miaka, lipo soko alikojifunza kupaza sauti kabla hajajua kuwa hiyo ni sanaa. Wazo hilo la soko linanikaa kichwani. Yale matembezi ya kunadi vyungu, ambayo wengine wangeyaita miaka iliyopotea, ndiyo yaliyokuwa shule yake.

Sisemi Shaaban hana ila. Anapenda kuhubiri. Mara nyingi mahubiri yanasimama mbele ya yule mwanamke mpaka humwoni vizuri, na sifa zinamiminwa hadi unatamani Siti mwenyewe akatize aseme neno lake. Huko kuimba kwake kwa kujibu matusi, kejeli yake, hasira yake, ningetaka nyingi zaidi. Hata hivyo hakudanganya juu ya umaskini, wala hakumfanya msichana wa Fumba afike Bombay kwa mawazo mema peke yake. Mwenye kutaka kuandika wasifu kwa Kiswahili aanzie hapo, kisha apunguze mahubiri.

Kutoka Unguja twende Nairobi, kwenye kitabu kilichonipa kichwa cha makala hii. Wangari Maathai alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, na miaka miwili baadaye akatoa Unbowed, habari za maisha yake. Tunaijua sana ile picha ya mwisho: mama anacheka, mikono ina udongo, dunia inapiga makofi. Kitabu kinatuambia kilichotangulia. Wazo lake la kwanza lilikuwa kampuni ndogo ya kuwapa maskini kazi ya kutunza bustani na kupanda miti. Ilikufa, na miche yake ikafa. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake waliandamana mpaka Kamukunji, wakapanda miti saba kwa heshima ya mashujaa saba. Miti mitano ilikufa kwa kukosa matunzo. Miwili ikasalimika.

Fikiri juu ya hesabu hiyo. Saba, wakabaki wawili. Kitabu cha kawaida cha mafanikio kingeandika kwamba vuguvugu la Green Belt lilianza mwaka 1977 kwa miti iliyopandwa Kamukunji, kisha kingerukia mamilioni ya baadaye. Maathai anaacha ile mitano iliyokufa ionekane, kwa sababu ndiyo iliyomfundisha kwamba kupanda ni kazi ya siku moja na kumwagilia ni kazi ya kila siku, na kwamba mti usio na mtu jirani wa kuuonea uchungu haufiki mbali. Vuguvugu lilipokuja kuwategemea akina mama wa vijijini, kila kundi na kitalu chake, jibu la Kamukunji ndilo lilikuwa likitekelezwa.

Na hakuficha gharama nyingine. Ndoa yake ilivunjwa mahakamani, na kwa maneno aliyosema juu ya hakimu akahukumiwa kifungo, akatumikia siku chache gerezani. Mwaka 1982 aliacha kazi Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge. Akaondolewa kwenye kinyang'anyiro kwa hoja ya kisheria, akarudi chuoni akakuta nafasi yake haipo tena. Mwanamke mwenye shahada ya udaktari, watoto watatu, hana kazi, hana mshahara. Ukisoma kurasa hizo ukiwa mtu ambaye barua za maombi ya kazi zimemrudia mkononi, hujisikii mjinga. Unajisikia una mwenzako. Hicho ndicho kitu ambacho Hill hawezi kukupa hata akiandika vitabu mia.

Mandela naye, ambaye picha yake ndiyo inauza zaidi pale chini, anahitaji kuokolewa kutoka kwa watu wanaompenda. Miaka mingi sasa kuna maneno yanazunguka kwenye majarida, kwenye mahubiri na sasa kwenye simu, kuhusu hofu ya mwanadamu kuiogopa nuru yake mwenyewe. Yanasemwa ni ya Mandela, alipoapishwa mwaka 1994. Siyo yake. Yaliandikwa na mwandishi wa Marekani, Marianne Williamson, katika kitabu chake cha 1992. Kosa hilo lina somo kwa mhakiki: maneno ambayo hayana alama ya maisha ya mtu yeyote yanaweza kuning'inizwa shingoni mwa yeyote, na hakuna atakayeona tofauti.

Linganisha na maneno ambayo kweli yana alama. Long Walk to Freedom, kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka huohuo wa 1994, kilianza kuandikwa kwa siri katika gereza la Robben Island miaka ya 1970. Mandela anaandika usiku. Ahmed Kathrada na Walter Sisulu wanasoma na kusahihisha. Mac Maharaj na Laloo Chiba wananakili kwa herufi ndogo kama mchwa. Mswada mkubwa ukafukiwa bustanini ndani ya makopo ya kakao. Siku moja wakuu wa gereza wakaanza kuchimba pale wajenge ukuta, wakaufukua, na Mandela na wenzake wakanyang'anywa ruhusa ya kusoma kwa miaka minne. Lakini nakala ile ndogo ilikuwa imeshatoka na Maharaj alipofunguliwa mwaka 1976. Nyie mnaotaka kuandika, pigeni picha hiyo. Kitabu kinachouzwa kama hadithi ya shujaa mmoja kilihaririwa na kamati ya wafungwa, na bila mnakili mmoja mwenye macho makali pengine tusingekuwa na mwanzo wake.

Nimalizie mifano na Mwalimu Nyerere. Wengi wanamnukuu, wachache wanamsoma. Mwaka 1962, mwaka uleule alioacha uwaziri mkuu arudi kukijenga chama, alitoa kijitabu kinachoitwa Tujisahihishe. Kichwa chenyewe kinastaajabisha. Kiongozi aliyeshinda, nchi haijatimiza mwaka mmoja na nusu wa uhuru, anawaambia wenzake wajikague. Anaonya juu ya tabia ya kupima hoja kwa sura ya aliyeisema: akisema rafiki tunakubali, akisema tusiyempenda tunakataa. Kwa mwandishi kijana sioni fundisho bora kuliko hilo, hasa katika vikao vyetu vya kusomeana miswada, ambako shairi la mshikaji halikosi kusifiwa.

Lakini kijitabu hicho nacho kidaiwe hesabu nzima. Mwaka huohuo wa 1962 Tanganyika ilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi, na 1965 chama kikawa kimoja kisheria. Kujisahihisha ukiwa ndani ya nyumba ambayo mlango wake umefungwa si kazi rahisi. Aliyeandika juu ya kupenda kukosolewa alisimamia pia dola ambayo kuikosoa kulikuwa na gharama. Mwalimu mwenyewe, alipokwisha kung'atuka mwaka 1985, ndiye aliyekuja kuhimiza mjadala wa vyama vingi, vikaruhusiwa 1992. Nikiweka vitu hivyo viwili pamoja, kijitabu na sheria, simdharau Mwalimu. Namwona mtu, na somo lake linanifaa zaidi nikiona mahali lilipomtatiza mwenyewe.

Najua kuna msomaji ananung'unika. Anasema: we bwana, mimi nabangaiza toka asubuhi, nikifungua kitabu nataka matumaini, habari za miche iliyokufa ninazo zangu za kutosha. Malalamiko ya haki. Njaa ya matumaini siichezei. Ninachouliza ni matumaini ya aina gani yatakufikisha mwezi ujao. Yale ya Hill yanawaka kama karatasi: usiku mmoja unajiona tajiri, kesho mwenye nyumba anagonga mlango, na kilichobaki ni kujiona una kasoro. Yale ya Maathai hayawaki upesi. Lakini siku mche wako unapokufa, unajua ulishakufa wa mtu mwingine, tena mitano kati ya saba, na bado misitu ikaota.

Sasa nanyi waandishi wenzangu, kwa sababu najua mnavyobangaiza pia. Wachapaji wanatuambia hadithi fupi haziuzi, mashairi ndiyo kabisa, leteni vijitabu vya mafanikio. Wapo miongoni mwetu watakaoviandika, na siwalaumu. Mkono mtupu haulambwi. Basi mkiviandika, viandikeni vizuri. Nendeni kwa mama aliyesomesha watoto wanne kwa kuuza vitumbua, au kwa fundi cherehani aliyefungua duka lake la pili. Msimuulize siri. Hana siri, na mkimlazimisha atawapa methali ili muondoke. Muulizeni mwaka mbaya kuliko yote ulikuwa upi, na nani alimkopesha unga. Muulizeni nini alianzisha kikafa, na ni nani ndani ya nyumba aliyelipia kufaulu kwake bila kutajwa. Kisha kaeni kimya aseme, na mkirudi kuandika msipake rangi.

Mhakiki naye ashuke kutoka kwenye rafu ya riwaya aje chini kwenye nailoni. Akute kitabu kinadai kwamba mtu fulani alifika kileleni peke yake, aulize kwa sauti: mizigo yake ilibebwa na nani? Akute kinasema bustani ilistawi, aulize: na miche iliyokufa je?

Naomba kuwasilisha.